Kitanzi cha Stesheni ya Saba

Chekeni, wanangu, chekeni mpaka mmalize, kwa sababu mtu mzima mwenye mjukuu kukutwa amekwama katikati ya meza, kifua na kichwa juu, kiuno na miguu chini, amevaa suruali ya kulalia na kofia ya ugadi wa treni, si jambo la kutazamwa kwa uso mkavu, na mimi mwenyewe, kama si pumzi hii inayokatika kila nikifika nusu ya neno, ningewashinda kwa kicheko. Nimewacheka watu wengi kwenye mabehewa ya nchi nne. Nimemcheka bwana harusi aliyeshuka stesheni isiyo yake na suti yake yote. Leo zamu imenifikia. Hujafa hujaumbika.

Mnajua ilivyokuwa, lakini nataka itoke kinywani mwangu, maana najua Randa seremala huko alikokwenda kuchukua msumeno ameshaanza kuitia chumvi. Tundu hili la katikati ya meza hii ya reli ya kuchezea nililikata kwa mkono wangu, na kipimo nilikitoa kwenye mkanda wangu wa kazi, siku zile nilipokuwa mwembamba kama msumari, nikasema gadi lazima asimame katikati ya njia yake aione pande zote. Sikupima ugonjwa, nani hupima ugonjwa? Mchana huu mjukuu wangu alikuja kitandani akaniambia treni imesimama Stesheni ya Saba, haiendi wala hairudi. Nikamwambia waambie abiria wasishuke, gadi anakuja. Nikatoka kitandani ambako daktari amenikataza kutoka, nikatambaa chini ya meza, nikasimama humu, nikaunga waya uliochomoka, treni ikalia, mtoto akapiga makofi, na nilipotaka kuchutama nitoke nilikoingilia, tumbo likakataa. Wakati wa kupanda lilijikunja likapita. Sasa limekaa juu ya mbao kama mgeni aliyepewa kiti. Na huyu mdogo, aliponisikia nahema, akatoka mbio kumwita mama yake, akisema, "Mama, babu amegeuka stesheni."

Wewe binti yangu ulikuja na futi shingoni kutoka kwenye cherehani yako, ukanipima kiuno ukapima na tundu, uso umekunjamana kama mtu anayeambiwa suti ya harusi imembana mwenyewe, kisha ukampigia simu kaka yako. Nawe, mwanangu wa kwanza, fundi umeme wangu, umekuja. Umevuka kizingiti cha chumba hiki kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Umeizunguka meza mara moja tu, umechukua penseli, umechora mstari kutoka kiunoni mwangu mpaka ukingoni, shubiri mbili na nusu, ukamtuma Randa. Sikukulaumu, ndio upande mfupi, fundi yeyote angechora hapo hapo. Lakini mstari wako umepita juu ya kitanzi cha Stesheni ya Saba, umekigawa vipande viwili, na mkono wangu mnauona nimeuweka hapo, na sijauondoa.

Kwa hiyo kabla msumeno haujafika, nisikilizeni, wanangu. Nimesema mengi maishani na mengi yalikuwa upuuzi mtupu. Haya si mengi. Daktari alikwambia jambo nje ya mlango siku ile, binti yangu, kwa sauti ya chini, akidhani mgonjwa wa tumbo ni mgonjwa wa masikio. Nilisikia. Gadi husikia nati iliyolegea behewa la nane, atashindwa kusikia neno "siku chache"?

Tuanze na vyepesi. Nyumba hii ya vyumba vitatu ni yenu wawili, sawasawa, wala asiwepo wa kumwambia mwenzake mimi ndiye niliyemwosha mzee, au mimi ndiye niliyeezeka bati. Chumba hiki kibaki cha mjukuu wangu mpaka aseme mwenyewe amekichoka, na akisema amekichoka msimlazimishe kukipenda kwa ajili yangu. Wafu hawachezi treni. Saa yangu ya mnyororo ni yako, mwanangu. Inachelewa dakika nne. Usiipeleke kwa fundi, imechelewa pamoja nami maisha yangu yote, isije ikaaibika peke yake. Taa ya kazi, ile yenye kioo chekundu na cha kijani, ni yako, binti yangu, umeme ukikatika ushone. Filimbi na kofia ni vya huyu mdogo. Nguo zangu wapeni wanaozitaka, ila lile koti la mvua lina tundu kwapani, mwambieni atakayelichukua, asije akanitukana kaburini kila mvua ikinyesha.

Na cherehani ya mama yenu ilishakuwa yako, binti yangu, tangu miguu yako ilipofika kwenye pedali. Lakini kuna jambo la vifungo. Unakumbuka gauni la bluu la mama yako, ulilolitoa sandukuni ukalikuta limekatwa vifungo vinne, ukamlaumu yule msichana uliyekuwa ukimfundisha kushona, akalia akaenda kwao na hakurudi? Nyoosha mkono, gusa ukingo wa jukwaa hapa Stesheni ya Saba. Ni mimi. Mtafute yule binti umwambie ni mzee, na kwamba mzee amekiri akiwa amebanwa.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu, yakizidi tutaongeza mzigo.

Watu mtaani wanadhani nilijenga reli hii kwa sababu nilistaafu nikakosa la kufanya. Si hivyo. Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitano, ni mwaka wa tatu tangu ile homa iliyomwachia kila kitu ikamnyima macho, akaniuliza, babu, treni ikoje? Mimi niliyeishi ndani ya treni miaka thelathini na mmoja, mimi ninayeweza kumsimulia mtu treni mpaka ashuke kitini akidhani amefika, nikapanua mikono yangu hivi, kwa upana wote, kumwonyesha urefu. Akangoja. Kisha akasema, "Babu, mbona umenyamaza?" Nilikaa na mikono yangu hewani kama mwizi aliyeambiwa asimame. Usiku kucha sikulala, na kulipokucha nikaenda kwa Randa kununua plaiwudi.

Miaka minne na miezi, wanangu. Reli hizi mnazoziona ni mabati ya makopo niliyoyakata kwa mkasi wa bati na kuyanyoosha juu ya jiwe. Mataruma, zile mbao za chini ya reli, ni njiti za kiberiti, sijui elfu ngapi, na ndio maana mlikuwa mkikuta viberiti visivyo na njiti jikoni mkadhani mnalogwa. Magurudumu ni bobini zako, binti yangu. Kichwa cha treni kinavutwa na mota ya redio ya kaseti, ile ambayo baada ya kufanyiwa hivyo haikuimba tena. Nikaweka milima, nikaweka mto, na hapo nikafanya ujinga ambao sijawahi kumwambia mtu: nilikaa wiki kumi na moja nikiipaka rangi. Anga nikaipaka bluu kuzunguka ukuta mzima, milima kijani, na vilele vyake nikavitia ukungu kwa kitambaa, kazi ya kujivunia, nikamshika mtoto mkono, nikamleta, nikamwambia haya, hii ndiyo dunia. Akaweka kiganja juu ya mlima. Akasema, "Babu, mlima unanata." Nikamwambia ni rangi, haijakauka. Akauliza rangi gani. Nikasema kijani. Akavinusa vidole vyake, akasema kijani kinanuka mafuta ya taa.

Wiki kumi na moja. Nilikuwa nimempakia rangi mtoto asiyeona, kwa sababu nilikuwa nikijijengea mimi.

Nikakaa kwenye kile kigoda siku mbili bila kugusa kitu. Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Gadi wa kweli hajui yuko wapi kwa kuchungulia dirishani. Anajua kwa masikio na kwa makalio. Reli huunganishwa kipande kwa kipande, kila ungio hulia chini ya gurudumu, na kila sehemu ya njia ina mlio wake, kwa sababu waliojenga hawakuwa wale wale na ardhi haikuwa ile ile. Ungenifunga kitambaa usoni, ningekwambia hapa tumeingia daraja la chuma, hapa ni kwenye mwamba, hapa ni ile kona ambayo mpishi humwaga mchuzi. Nikajiambia, kumbe mimi na mtoto huyu tunaisoma njia kwa herufi zile zile, na nilitaka kumfundisha zisizo zake. Nikazing'oa reli zote. Nikachukua msumeno wa chuma nikazikata upya, huku maungio ya karibu karibu, huku ya mbali, huku mawili kisha kimya, kila stesheni na mlio wake wa kuikaribia. Milima nikaibandika changarawe ya kweli. Majukwaa nikayatia alama za vidole: ya kwanza msasa, ya pili kizibo cha soda, ya tatu zipu, na kuendelea mpaka ya kumi na mbili. Leo huyu mdogo hukaa ukingoni mwa meza na kutangaza, abiria, tunaingia Stesheni ya Tano, shikilieni mizigo, na hakosei. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Walikuwa wakituzungumzia sisi wawili, na aliyekufa macho si mimi.

Sasa nije kwenye zito. Mwanangu, sogea, usisimame pale mlangoni kama mtu wa kusoma mita.

Miaka minne iliyopita ulikuja kunifungia transfoma. Ulifanya kazi nzuri, ulinitukania nyaya zangu kwa heshima, ulisema hata panya angezifunga vizuri zaidi, tukacheka. Kisha ukapitisha kidole juu ya reli, ukatoka nayo stesheni ya kwanza mpaka ukafika hapa, ya saba. Ukakuta inapinda, inazunguka nusu duara, inarudi ilikotoka. Ukaniuliza, "Baba, hapa palikuwa na njia ya kurudi?" Nikasema palikuwa nayo. Ukaweka koleo lako mezani, pale pale lilipo hadi leo, sijalitoa, ukasema umekumbuka kazi mahali, ukaondoka. Tangu siku hiyo unaleta mkate, unaleta dawa, unasalimia kutoka kizingitini, huingii. Nikajiambia ni wivu wa utotoni, kwa sababu ulipokuwa na miaka saba nilikuahidi treni ya kuchezea, kila safari nikirudi nakwambia iko njiani, mpaka ukaota ndevu treni iko njiani, na sasa umemwona mtoto wa dada yako amejengewa nchi nzima. Una haki ya wivu huo. Msimwahidi mtoto kitu kwa neno "nikirudi", wanangu. Mtoto hahesabu safari, anahesabu milango iliyofunguka bila kitu.

Lakini si hilo linalonifanya niushikilie mkono wangu hapa.

Mwaka aliofariki mama yenu, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na dada yako sita. Alikuwa ameugua mwezi mzima. Mimi kila jioni nilikuwa naingia chumbani kwake na mzaha mpya, namwigizia abiria, namwigizia mkaguzi wa tiketi mwenye kikohozi, naye alikuwa akicheka hata pale kicheko kilipomuuma. Asubuhi ya safari yangu ya mwisho kabla hajafa, nilipofungua kinywa, akanishika mkono akasema, "Leo usinichekeshe. Kaa tu." Nilikaa. Nilikaa labda dakika tatu. Kisha nikasema nina zamu, nikachukua kofia.

Siku ya pili ya safari, saa sita mchana, tukaingia stesheni ya saba, ile ya njia panda yenye tangi la maji. Mkuu wa stesheni, ambaye siku zote alikuwa akinipokea kwa matusi ya kirafiki, alinijia kimya na karatasi mkononi. Ujumbe ulikuwa umepigwa kwa simu ya reli kutoka stesheni ya nyumbani, yeye ameuandika kwa mkono wake: mkeo amezidiwa, anakuita. Nikatia sahihi kwamba umenifika, kama sheria ya kazi ilivyotaka, ile sahihi yangu mnayoijua, herufi moja na kifilimbi. Akaniambia, yuko gadi amepumzika chumba cha zamu, ataichukua treni yako. Treni ya mizigo inarudi saa nane, panda hiyo, kesho asubuhi uko kwako.

Wanangu, miaka ishirini na miwili nimewaambia kwamba ujumbe haukunifika. Nimewaambia mvua ilikata waya. Nimewasimulia hata hiyo mvua, ilivyobeba daraja la watembea kwa miguu, mbuzi wa mkuu wa stesheni alivyopandishwa juu ya meza ya tiketi, na nyie mkiwa wadogo mlikuwa mkiniomba niirudie habari ya mbuzi. Hapakuwa na mvua. Palikuwa na jua la kupasua mawe. Mbuzi nilimtunga.

Nilikaa kwenye benchi nikaitazama ile treni ya mizigo ikijazwa maji. Nilikuwa na muda wa kutosha, kwa hiyo sina hata kisingizio cha haraka. Niliogopa. Nilijua nikifika ataniambia tena nikae tu, nami sikujua kukaa. Nilijua kusimama, kutembea, kuchekesha na kuondoka. Nikamwambia mkuu wa stesheni, ngoja nimalize safari yangu, ni zamu yangu. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Nikapuliza filimbi, nikapeperusha bendera ya kijani, nikaenda na treni yangu mpaka mwisho wa njia, na kila mlio wa maungio ulikuwa ukisema rudi, rudi, mimi nausikia, kwa maana hakuna anayeusikia mlio wa reli kama gadi. Kawia ufike, walisema. Mimi nilikawia nisifike.

Nilirudi siku ya sita. Udongo ulikuwa umeshakauka. Wewe mwanangu ulikuwa umesimama mlangoni umevaa viatu vyangu vya akiba, kwa sababu vyako vilipasuka na hukutaka kumzika mama yako vidole vikiwa nje. Hukulia. Uliniuliza swali moja, "Ujumbe ulikufika?" Nikasema hapana. Ukasema, "Haya." Ukavivua viatu, ukavipanga pale ninapoviweka, na hujaniuliza tena hadi leo.

Ndiyo maana ya kitanzi. Njia ya kweli haikuwa nacho; pale reli ilikwenda mbele tu, na treni ya kurudi ilibidi mtu aipande kwa miguu yake. Nilipofika kwenye stesheni hii katika kujenga, mikono ilikataa kunyoosha bati. Ikalipinda. Nikajenga kwa makopo kile nilichoshindwa kukifanya kwa hatua hamsini za kutoka benchi hadi behewa, nikaweka na vifungo vya mama yenu, na kila huyu mdogo anapoigeuza treni na kuirudisha mkononi mwake, mimi huwa nimepanda ile ya saa nane, na kesho yake asubuhi nimefika. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja kweli, akakaa pale ukingoni, akaniuliza, "Babu, treni yako ilikuwa inarudi hapa?" Nikamwambia ndiyo.

Mjukuu wangu, haikurudi. Babu alikudanganya.

Usilie, binti yangu. Au lia, una haki. Nilisikia kutoka kwa jirani kwamba siku mbili za mwisho za mama yako ulikuwa ukikimbilia mlangoni kila ilipolia filimbi ya treni yoyote, ukirudi kumwambia mama yako bado. Mtoto wa miaka sita, miguu miwili, kwenda na kurudi. Wewe ulikimbia zaidi yangu. Nisamehe. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami sikutaka kilio changu ndicho kiwaambie.

Shikeni hili moja hata kama mengine mtayasahau: mgonjwa akikuita, nenda. Ukikosa neno la kumwambia, beba kiti. Kiti kinatosha.

Ni nani huyo? Karibu, Randa. Ingia, usione haya, mimi ndiye niliyekwama, si wewe. Umeleta msumeno mpya, naona. Umeona kiuno changu ukasema huu si mti wa mchezo. Randa, kabla hujaanza, ile ngazi yako uliyonidai miaka tisa nami nikakuapia kwamba nilikurudishia, iko juu ya dari ya jikoni. Nilianza kwa kusahau, nikaendelea kwa kuona aibu. Leo naona nimefanya mazoea ya njia hiyo. Ichukue, na unisamehe mbele ya watoto hawa, kisha ushike msumeno wako usubiri. Mwenye kusema pa kukata ni mwanangu.

Naanza... ngojeni. Mbao inabana. Hapana, usinishike, binti yangu, nishike mkono huu mwingine.

Nikifa, nizikeni kando ya mama yenu kama pana nafasi, na kama hapana, miguuni pake, hapo ndipo ninapostahili. Asisimame mtu kusema nilikuwa mume mwema. Semeni treni zake zilifika. Hilo ni kweli, zilifika zote, nilikuwa nazo. Asipulize mtu filimbi. Watu wa reli watataka, ni desturi yao kwa gadi, wakatazeni kwa upole, mwambieni huyu mdogo azuie ile yangu mfukoni. Mama yenu alizisikia za kutosha.

Msinuniane. Mwanangu, nyaya za chini ya meza hii ni aibu tupu, na hakuna mwingine katika nyumba hii anayejua umeme... Mimi nikiondoka, treni ya mtoto itasimama ndani ya wiki. Hilo ndilo lililonitoa kitandani, wala si ushujaa. Siwezi kukuamuru. Baba aliyekuja siku ya sita hana amri. Naomba tu usimwachie mtoto reli iliyokufa kwa sababu ya mzee aliyeijenga.

Mungu awape... mikono isiyochoka na miguu inayorudi. Awape watoto watakaowacheka usoni, si mgongoni. Binti yangu, uzi wako usikatike. Mwanangu, usiguse waya ulio hai isipokuwa... umezima... unajua, unajua. Mjukuu wangu, njoo, kichwa chako kiko wapi... hapa. Abiria huyu asipotee njia. Asipotee.

Miguu sisikii tena. Si kitu.

Mwanangu. Upande huu ni shubiri mbili na nusu, dakika tano za Randa. Upande ule, kupitia stesheni ya pili, kuna boriti chini, ni nusu saa, labda zaidi... na pumzi hii sijui kama ina nusu saa. Nilitaka kukuomba Randa akate kule. Nilitaka kitanzi kibaki, walau hapa mezani, treni ile iwe... imerudi. Lakini sasa umesikia. Umesikia yote. Ujumbe ulinifika, mwanangu. Basi sema wewe. Chochote utakachosema, nimekubali. Sema.

— Nilijua, baba. Ile karatasi uliyotia sahihi waliisoma kwa simu ya reli hadi stesheni ya nyumbani, na kipande chenye sahihi yako kikaletwa na treni ya mizigo, nikakabidhiwa mimi kabla hatujazika. Ondoa mkono hapo, Randa akate.